Ngano, jeni na watoto wa Uswidi: uchambuzi wa mlipuko wa siliaki, 1984 hadi 1996

Katikati ya miaka ya 1980, madaktari wa watoto nchini Uswidi walianza kuletewa watoto wengi wenye hali ileile. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi michache. Tumbo limevimba, mikono na miguu imekonda, matako yamenyauka mpaka ngozi imelegea. Kinyesi ni kingi, kimepauka na kinanuka vibaya. Hataki kula, hataki kuwekwa chini, hana raha muda wote. Ukifungua kadi yake ya kliniki unaona uzito ulikuwa ukipanda vizuri katika miezi ya mwanzo, halafu mstari unalala, halafu unaanza kushuka.

Ulikuwa ugonjwa wa siliaki. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hukorofishwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kisha ikaugeukia utumbo mwembamba na kuuharibu. Siliaki haikuwa ngeni Uswidi. Kilichowashtua madaktari ni idadi. Kiwango cha kawaida kilikuwa visa vipya 50 hadi 60 kwa mwaka kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka miwili. Kati ya 1985 na 1987 kiwango hicho kilipanda mara nne, kikafika kati ya 200 na 240. Kilikaa juu hivyo kwa miaka kadhaa, kisha kuanzia 1995 kikaporomoka na kurudi kilikotoka.

Ugonjwa usioambukiza, unaotokana na kinga ya mwili wa mtu mwenyewe, ulipanda na kushuka namna ambayo tumezoea kuiona kwa magonjwa ya kuambukiza. Kwa maoni yangu hakuna kisa kinachoonyesha waziwazi zaidi jinsi urithi na mazingira vinavyoshirikiana kumwangusha mtoto, ndiyo maana nimeona kinastahili kuchambuliwa kwa kina. Pia kinaonyesha jinsi tunavyoweza kupata jibu sahihi nusu tu, tukalishikilia kwa miaka mingi.

Kwanza niondoe shaka moja. Mtu anaweza kudhani ugonjwa haukuongezeka, ila madaktari waliamka na kuanza kuutafuta. Dhana hiyo haisimami. Ungekuwa ni umakini wa madaktari tu, kiwango kisingeshuka ghafla mwaka 1995, kwa sababu daktari aliyejifunza kuutambua ugonjwa hasahau mwaka unaofuata. Vilevile, siliaki ya wakati ule haikutajwa kwa kubahatisha. Mtoto alimezeshwa kidonge cha chuma kilichofungwa kwenye mrija mwembamba, kikafuatiliwa kwa eksirei mpaka kilipovuka tumbo na kuingia mwanzo wa utumbo mwembamba. Hewa ilivutwa kwa bomba la sindano, kisu kilichomo ndani ya kidonge kikakata kipande cha ukuta wa utumbo cha milimita chache, mrija ukavutwa nje. Chini ya hadubini, utumbo wenye afya umejaa vijidole vinavyosimama wima kunyonya chakula. Wa mtoto mwenye siliaki umekuwa tambarare. Taratibu zilizokubaliwa Ulaya mwaka 1969 zilitaka vipande vitatu kwa nyakati tatu: mtoto akiwa mgonjwa, baada ya kuachishwa gluteni, na baada ya kurudishiwa. Wazazi waliopitia hayo na mtoto wa mwaka mmoja hawakuwa wakipewa jina la ugonjwa kirahisi.

Jeni zilikuwapo tangu zamani

Mwaka 1989 kundi la watafiti wa Oslo, akiwamo Ludvig Sollid, lilionyesha kwamba siliaki inafungamana na molekuli moja mahususi iitwayo HLA-DQ2. Molekuli za HLA hukaa juu ya seli za kinga na kazi yao ni kushika vipande vya protini na kuvionyesha kwa seli T, ambazo ndizo huamua kama kitu ni cha kupigwa au cha kuachwa. Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa siliaki wana DQ2, na karibu wote waliobaki wana ndugu yake, DQ8. Asiyekuwa na mojawapo ya hizo ni nadra sana kupata ugonjwa huu, hata ale mkate asubuhi, mchana na jioni.

Ubaya wa DQ2 unaanzia kwenye umbo la gluteni yenyewe. Vimeng'enya vya tumbo na utumbo haviwezi kuikatakata yote. Hubaki vipande virefu vyenye glutamini na prolini nyingi. Vikipenya kwenye ukuta wa utumbo, hukutana na kimeng'enya cha mwili kiitwacho transglutaminesi, ambacho huigeuza glutamini kuwa asidi ya glutamiki. Badiliko ni dogo, lakini linafanya kipande cha gluteni kikae barabara kwenye mfuko wa DQ2. Seli T zinakiona, zinatoa ishara za vita, na mwili unaanza kutengeneza kingamwili dhidi ya gluteni na dhidi ya transglutaminesi yake mwenyewe. Hili la mwisho liligunduliwa Ujerumani mwaka 1997, na ndilo lililotupatia kipimo cha damu kinachotumika leo.

Kiasi cha jeni nacho kina uzito. Katika utafiti mkubwa uitwao TEDDY, uliowafuatilia tangu kuzaliwa watoto wenye jeni za hatari katika nchi za Uswidi, Ufini, Ujerumani na Marekani, watoto waliorithi DQ2 kwa baba na kwa mama walikuwa na kingamwili za siliaki kwa kiwango cha asilimia 26 walipotimiza miaka mitano. Waliorithi kwa mzazi mmoja walikuwa asilimia 11.

Lakini tazama upande wa pili wa hesabu hizo. Robo tatu ya watoto wenye urithi mbaya kuliko wote walifika miaka mitano bila kingamwili zozote. Na katika jamii kwa jumla, takriban theluthi moja ya watu wa asili ya Ulaya wamebeba DQ2 au DQ8, wakati wanaougua siliaki ni karibu mmoja katika mia. Jeni inaruhusu ugonjwa, haiulazimishi. Na jeni za taifa zima hazibadiliki kati ya 1984 na 1987. Watoto wa Uswidi waliozaliwa 1980 na waliozaliwa 1988 walikuwa na DQ2 kwa kiwango kilekile. Kilichobadilika lazima kilitoka nje ya miili yao.

Mabadiliko yaliyokuja pamoja

Anneli Ivarsson wa Chuo Kikuu cha Umeå na wenzake ndio waliofanya kazi kubwa ya kufukua yaliyotokea. Walichokikuta ni mambo matatu yaliyojibana ndani ya miaka michache.

La kwanza ni ushauri wa kitaalamu. Mwaka 1982 wazazi wa Uswidi walianza kushauriwa wasiwape watoto gluteni wakiwa na miezi minne kama ilivyokuwa desturi, bali wasubiri mpaka sita. Ushauri haukutolewa kwa uzembe. Huko Uingereza na Ireland, siliaki ya watoto wadogo ilikuwa imepungua katika miaka ya 1970 baada ya watoto kuanza kupewa nafaka wakiwa wakubwa kidogo, na wataalamu wa Ulaya walielekea upande huo. Mtu yeyote mwenye nia njema angeushauri hivyohivyo.

La pili halikuonekana na wengi. Watoto wa Uswidi hunywa sana välling, uji mwepesi wa maziwa na unga unaonyweka kwa chupa, wenye ngano ndani yake. Katika miaka ileile ya mwanzo wa 1980, kiasi cha gluteni katika vyakula vya viwandani vya watoto wa aina hiyo kiliongezeka. Chupa haina subira ya kijiko. Mtoto anayelishwa uji kwa kijiko anakula kidogo, anatema, anageuza uso; anayenyonya chupa kabla ya kulala anamaliza yote.

La tatu ni matokeo ya hayo mawili yalipokutana na desturi ya kunyonyesha. Katika umri wa miezi minne watoto wengi walikuwa bado wananyonya. Kufikia miezi sita, wengi walikuwa wameachishwa. Kwa hiyo kuahirisha gluteni kwa miezi miwili tu kulimaanisha kwamba watoto wengi waliipokea mara ya kwanza wakiwa hawanyonyi tena, na waliipokea kwa wingi kwa mpigo.

Linganisha na Denmark, ng'ambo tu ya mlangobahari, kwa watu wa asili moja. Siliaki kali ya utotoni ilikuwa adimu sana huko katika miaka hiyohiyo, na watafiti walipopima vyakula vya watoto wa nchi mbili hizi katika mwaka wao wa kwanza, waliona mtoto wa Uswidi akila gluteni ya ngano mara nyingi zaidi ya mwenzake wa Denmark.

Mwaka 1996 ushauri wa Uswidi ukabadilishwa: gluteni ianze kati ya miezi minne na sita, kidogokidogo, ikiwezekana mama akiwa bado ananyonyesha. Viwanda navyo vikapunguza gluteni. Kiwango cha ugonjwa, kilichokwisha kuanza kushuka, kikarudi chini.

Ivarsson na wenzake walilinganisha watoto zaidi ya 600 wenye siliaki na watoto wenye afya karibu maradufu ya idadi hiyo. Kwa watoto wa chini ya miaka miwili, waliokuwa wakinyonya wakati gluteni inaanza walikuwa na hatari pungufu kwa takriban asilimia 40. Waliopewa gluteni kwa wingi mwanzoni walikuwa na hatari zaidi. Kwa hesabu zao, mabadiliko ya ulishaji yalieleza karibu nusu ya mlipuko. Nusu hiyo ni kubwa, ila ni nusu. Mambo mengine yalijitokeza pembeni: watoto wadogo waliozaliwa kiangazi waliugua zaidi, na waliopata maambukizi mara kwa mara katika miezi ya mwanzo waliugua zaidi.

Majaribio yalipoyatenganisha

Hapa ndipo wasomaji wengi wa kisa hiki huishia, wakiondoka na hitimisho kwamba maziwa ya mama hukinga siliaki. Lilirudiwa kwenye vitabu na miongozo kwa zaidi ya miaka kumi. Nadhani lilipendwa pia kwa kuwa linatia faraja: kuna kitu mama anaweza kufanya. Upande wake mchungu haukusemwa kwa sauti. Mama ambaye maziwa yalikatika, na mtoto wake akaugua, alibebeshwa kosa.

Mwaka 2014 majaribio mawili makubwa yalitoa matokeo. La kwanza, lililofanyika katika nchi kadhaa za Ulaya, lilichukua watoto 944 wenye DQ2 au DQ8 na ndugu wa karibu mwenye siliaki. Nusu walipewa miligramu 100 za gluteni kila siku kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita, nusu wakapewa unga usio na kitu. Walipofika miaka mitatu, wagonjwa walikuwa asilimia 5.9 upande mmoja na 4.5 upande wa pili, tofauti isiyotosha kuthibitisha lolote. Kunyonyeshwa hakukuleta tofauti. La pili, nchini Italia, lililinganisha kuanza gluteni miezi sita na kuanza miezi kumi na miwili. Kuchelewesha kulisogeza ugonjwa mbele, lakini watoto walipotimiza miaka mitano makundi yote mawili yalikuwa yamefanana.

Je, basi kisa cha Uswidi kilikuwa njozi? Hapana. Soma tena kipimo: miligramu 100 kwa siku. Hicho ni kiasi kidogo mno ukikilinganisha na gluteni ya mtoto wa 1988 aliyemaliza chupa za välling. Majaribio haya yalipima umri wa kuanza na kinga ya maziwa ya mama, na yote mawili yakaanguka. Hayakupima wingi.

Wingi ulipimwa baadaye, kwa kufuatilia badala ya kugawa makundi. Mwaka 2019 watafiti wa TEDDY walichapisha kumbukumbu za vyakula vya watoto 6,605 wenye jeni za hatari. Katika umri wa miaka miwili, kila gramu moja ya ziada ya gluteni kwa siku, ambayo ni kama nusu kipande cha mkate mweupe, iliendana na ongezeko la asilimia 50 la hatari ya kupata siliaki. Na katika utafiti huohuo wa TEDDY, watoto wa Uswidi walikuwa na hatari karibu maradufu ya wale wa Marekani hata baada ya kuzingatia aina ya jeni.

Kuna ushahidi unaokwenda kinyume, na itakuwa si haki kuuficha. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa 2020, watoto wa kawaida, wasiochaguliwa kwa jeni, walianzishiwa ngano nyingi tangu miezi minne wakiwa bado wananyonya. Kati ya 488 hakupatikana hata mmoja mwenye siliaki walipopimwa wakiwa na miaka mitatu. Katika kundi lililochelewa, kati ya 516, walikuwa saba. Idadi ni ndogo, lakini inatosha kuonya kwamba "wingi" wa miezi minne huenda si sawa na "wingi" wa miezi saba au wa miaka miwili, kwa sababu kinga ya mtoto inapitia vipindi tofauti vya kujifunza.

Upande wa Karelia nao unaivunja nguvu hoja ya ngano peke yake. Eneo hilo limegawanywa na mpaka wa Ufini na Urusi. Watafiti walipima watoto wa shule pande zote mbili: jeni za hatari zilikaribiana, ulaji wa nafaka ulikaribiana. Upande wa Ufini siliaki ilipatikana kwa mtoto mmoja katika 107. Upande wa Urusi, mmoja katika 496. Kisukari cha aina ya kwanza, ugonjwa mwingine wa kinga unaotumia baadhi ya jeni hizohizo, kilitofautiana takriban mara sita. Pande hizo zilitofautiana katika hali ya maisha, usafi na vijidudu ambavyo watoto walikutana navyo tangu wakiwa wadogo.

Vijidudu hivyo sasa vinachunguzwa kwa karibu. Nchini Norwei, na vilevile ndani ya TEDDY, kinyesi cha watoto kilikusanywa na kuhifadhiwa mwezi baada ya mwezi kabla yeyote hajaugua. Waliokuja kupata siliaki walikutwa na virusi vya entero mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Wazo linalopata nguvu ni hili: kirusi kinapovamia utumbo, kinga inakuwa katika hali ya tahadhari, ukuta umedhoofika, na gluteni ikipita wakati huo kwa mtoto mwenye DQ2 huonyeshwa seli T kama sehemu ya uvamizi. Katika TEDDY hatari ya virusi hivyo iliongezeka kadiri mtoto alivyokula gluteni zaidi. Jeni, chakula na maambukizi vinahitaji kukutana, na kukutana huko kuna wakati wake.

Ndiyo maana naona swali linaloulizwa mara nyingi, "ugonjwa huu ni asilimia ngapi jeni na asilimia ngapi mazingira?", haliwezi kujibiwa jinsi lilivyo. Katika mlipuko wa Uswidi, ongezeko lote lilitokana na mazingira. Lakini karibu kila mtoto aliyeugua alikuwa na jeni ya hatari. Ukiondoa gluteni, hakuna mgonjwa hata mmoja. Ukiondoa DQ2 na DQ8, karibu hakuna mgonjwa. Asilimia mia upande huu na karibu mia upande ule.

Waliozaliwa 1993 na waliozaliwa 1997

Swali lililobaki lilikuwa kama Uswidi ilizuia ugonjwa au iliuahirisha tu. Watafiti walikwenda mashuleni wakapima damu watoto zaidi ya 13,000 wenye umri wa miaka 12: waliozaliwa 1993, mlipuko ukiwa juu, na waliozaliwa 1997, baada ya mabadiliko. Wa 1993 walikuwa na siliaki 29 kwa kila 1,000. Wa 1997, 22 kwa kila 1,000. Tofauti hiyo ni ya kweli, na inaashiria kwamba kuna watoto waliookolewa hadi umri huo. Ila hata hao 22 ni zaidi ya mara mbili ya kile kinachotarajiwa kwa kawaida Ulaya, na kwa watoto wa 1993, theluthi mbili ya wagonjwa hawakuwa wakijua kwamba wanaumwa. Daftari la taifa la watoto waliogunduliwa na siliaki lilikuwa limewaona wale waliokonda na kuvimba matumbo. Wengine walikuwa wamekaa darasani miaka yote.

Sura ya ugonjwa imebadilika pia. Katika miaka ya 1970 mtoto wa Uswidi mwenye siliaki aligunduliwa kwa kawaida akiwa na mwaka mmoja. Kufikia 2009, umri wa kati wa kugunduliwa ulikuwa miaka 6.8. Mtoto huyu wa siku hizi hafanani na yule wa 1986. Anaweza kuwa mfupi kuliko wenzake, ana upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, tumbo linamuuma mara kwa mara, au hana dalili kabisa.

Kwa mzazi mwenye siliaki katika familia, miongozo ya wataalamu wa watoto wa Ulaya ya 2016 inasema gluteni inaweza kuanza wakati wowote kati ya miezi minne na kumi na miwili, na ni vyema kuepuka kiasi kikubwa katika wiki za mwanzo na katika utoto mchanga. Kunyonyesha kunahimizwa kwa faida zake nyingine. Hakutajwi tena kama kinga ya siliaki. Ndugu wa damu wa mgonjwa ana uwezekano wa karibu mmoja katika kumi, hivyo hupimwa kingamwili za transglutaminesi hata kama anaonekana mzima, na vivyo hivyo mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Kipimo kifanyike mtoto akiwa bado anakula ngano. Akishaachishwa, kingamwili hushuka, na jibu la maabara linaweza kusema hana ugonjwa wakati anao.